Miezi Mitatu ya Kuvuka Feri

Sisi wa Likoni tukivuka feri husema tunakwenda Mombasa. Likoni ni Mombasa hiyo hiyo, lakini ulimi haujakubali mpaka leo. Mji ni ng'ambo. Nilipofikisha miaka kumi na minane, ng'ambo nilikuwa nimekwenda mara za kuhesabika: sikukuu, hospitali, na kununua sare za shule. Kisha nikamaliza kidato cha nne, Novemba 1995, na mamangu akatoa shauri lililowashangaza majirani. Kuanzia Januari nitavuka kila siku, nikasome kompyuta.

Wakati huo aliyefaulu alikaa nyumbani mwaka mzima na zaidi akingoja chuo kikuu. Vyuo vikuu vya umma vilikuwa vitano tu, na foleni ilikuwa imeanza zamani, tangu Chuo Kikuu cha Nairobi kilipofungwa kwa muda mrefu baada ya jaribio la mapinduzi la 1982. Binamu yangu mkubwa, aliyesoma hadi kidato cha sita, sehemu ya kungoja kwake aliimalizia kambini Gilgil. Kuanzia 1984 serikali iliwapeleka walioitwa chuo kikuu wakapate kwanza mafunzo ya NYS, Huduma ya Vijana kwa Taifa, gwaride na majembe. Alirudi amekonda, anatandika kitanda kama askari, na anaamka kabla ya adhana. Mpango ule ulifutwa 1990. Sisi tuliofuata hatukuwa na Gilgil wala kitu kingine, ikawa kila mzazi na maarifa yake. Ndipo vyuo vya kompyuta vikaota kama uyoga juu ya maduka ya Digo Road na Moi Avenue, na kila kijana ukimuuliza akasema anafanya pakeji.

Mamangu alilipa karo kwa zamu yake ya mchezo wa kuchangiana pesa, ambayo wenzake walikubali kumsogezea mbele. Pesa hazikumnyima usingizi. Feri ndiyo iliyomnyima. Haikuwa imetimia miaka miwili tangu 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka asubuhi na watu 272 wakafa. Wengi walikuwa wanakwenda kazini tu. Usiku wa kuamkia siku yangu ya kwanza alinikalisha mkekani.

"Usiingie katikati, mwanangu. Simama ukingoni, ushike chuma. Ukiona imejaa, ngoja nyingine. Kuchelewa si kufa."

Nikafanya hivyo miezi mitatu. Kabla ya saa moja asubuhi pale pa kungojea pameshajaa. Lango likifunguliwa watu wanamiminika mteremkoni, vibarua wa bandarini, mafundi na mifuko ya vyombo vyao, akina mama na ndoo za samaki, mikokoteni. Meli kubwa ikiwa inaingia Kilindini, feri inasubiri ipite, na watu wote wananyamaza kidogo wakiitazama. Mimi ukingoni, mkono kwenye chuma chenye unyevu wa chumvi. Wiki ya pili nilikuwa nimezijua nyuso. Wiki ya nne mzee mmoja mwuza kahawa akawa ananiuliza, "Binti, leo mwafunzwa nini?"

Tulifunzwa mambo ambayo sasa ni ya makumbusho. Mlangoni unavua viatu, kwa sababu vumbi, tuliambiwa, ni adui wa kompyuta. Ndani kuna zulia na baridi ya mashine, mapazia yamefungwa mchana kutwa. Unaingia kwa soksi, na kama soksi imetoboka kila mtu ameona. Skrini ya WordPerfect ilikuwa ya samawati tupu. Juu ya vitufe vya F palibandikwa ukanda wa karatasi ngumu: F10 kuhifadhi, F7 kutoka, Shift na F7 kuchapa. Tulivikariri kama tulivyokariri alifu na bee chuoni. Kazi zetu tulizibeba kwenye diski moja, ambayo mimi niliifunga ndani ya leso isishikwe na maji ya feri.

Mashine zilikuwa chache, tukagawiwa watatu kwa moja. Mungu alivyopanga, wote watatu tulikuwa wa bara ya Mombasa. Mmoja alitoka Changamwe, babake akifanya kazi kwenye mtambo wa kusafisha mafuta. Yeye aliingia mjini kwa Makupa. Mwingine wa Mishomoroni, huko Kisauni, akipitia daraja la Nyali. Mimi feri. Milango mitatu ya mji, kiti kimoja, na saa moja ya kugombea vitufe. Mchana tulinunua viazi karai tukakaa Uhuru Gardens, mkabala na zile pembe kubwa za ndovu za Moi Avenue, kila mmoja akisimulia mtaa wake. Changamwe nilikuwa naijua kwa jina tu. Kwa mara ya kwanza niliuona mji wote kichwani, na nikaona kuwa sisi wa pembeni ndio wengi.

Vyeti tulivyoahidiwa havikutoka. Mara ya tatu kuvifuata tulikuta chuo kimehama. Nilipofika Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, nikakuta Windows 95 na kipanya, na zile F zangu hazikunifaa hata wiki. Lakini niliposhuka kwenye basi peke yangu, na sanduku, katika mji nisioujua, sikutetemeka. Nilitafuta ukingo, nikashika sanduku langu, nikauliza njia.

Mengi yamebadilika tangu hapo. Mwaka 2009 nyaya za intaneti zilifika Mombasa kwa njia ya bahari, TEAMS kutoka Fujairah mwezi Juni, na SEACOM ikaanza kazi mwezi uliofuata. Mwaka 2011 vyuo vikuu vikapokea wanafunzi wa miaka miwili kwa pamoja ili kuipunguza ile foleni. Binti yangu alimaliza KCSE 2023, matokeo yakatoka Januari 2024, na Septemba alikuwa chuoni. Katikati hapo alijifunza kuandika programu kwa simu, chumbani kwake Shika Adabu, kwa walimu aliowaona kwenye kioo tu. Anajua mengi kuliko mimi nilivyojua, na nafurahi kwa hilo. Ila nilipomuuliza Marikiti iko upande gani wa Digo Road, hakujua.

Nikamvusha. Si kwa sababu kompyuta haziko Likoni, ziko. Alikwenda Swahilipot, karibu na Fort Jesus, ambako vijana hukutana kwa mambo ya teknolojia na sanaa. Siku ya kwanza nilimsindikiza hadi langoni pa feri, nikamwambia maneno ya nyanyake, neno kwa neno. Siku ya tatu alirudi jioni anazungumza bila kupumua: kuna mmoja wa Mikindani, kuna wawili wa Bamburi, na kesho wanakutana mapema.

Mzazi mwenzangu wa Likoni, kama una mtoto anayengoja chuo mwaka huu, usimwachie simu peke yake. Mpe nauli ya matatu za ng'ambo, umwamshe mapema. Feri kwa mwenda kwa miguu ni bure.