Breketi za Breki ya Mbele

Katika miaka ya 1980, pikipiki zilipokuwa haba huku Uheheni na kila iliyopita ikatambulikana ni ya nani, kama ni ya padre, au ya bwana shamba, au ya mganga wa zahanati, hapakuwapo Tosamaganga mtu mwenye imani na breki ya mbele. Ilikuwa ni dramu yenye viatu viwili, ikivutwa kwa waya; na masika yalipoigeuza njia ya kuteremkia Kalenga kuwa tope jekundu, na maji yakapenya ndani ya dramu ile, mpandaji aliukamata mkono wa breki kwa nguvu zake zote asipate jawabu. Basi watu wakazoea kusimama kwa breki ya nyuma peke yake, na wakubwa wakawausia wadogo kwamba ya mbele hupindua. Wasia huo una ukweli penye kokoto na utelezi, lakini umewadhuru wengi penye lami, kwa kuwa chombo kipunguzapo mwendo uzito wake huelemea mbele, na gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kukizuia.

Dawa ya dramu ile ilikuwa breki ya diski, nayo haikuwa jambo geni duniani. Mwingereza Frederick Lanchester aliipatia hataza mwaka 1902, na mwaka 1969 Honda walitoa CB750 yenye diski ya mbele isukumwayo kwa mafuta. Kwetu iliingia kwa mlango wa uani, katika mabaki ya pikipiki kubwa zilizopata ajali kwenye barabara kuu ya Mbeya, ambazo magurudumu na kalipa zake, yaani vibanio vya diski, viliuzwa kwa bei ya chuma chakavu.

Hapo ndipo ilipozuka shida ya breketi, yaani kishikio cha kalipa. Gurudumu la diski liliingia kwenye pikipiki ya dramu kwa kukerezewa bushi mpya za ekseli, na masta, yaani pampu ya mafuta ya breki, ikafungwa kwenye usukani bila taabu. Ila mguu wa shokapu ya zamani haukuwa na masikio ya kushikia kalipa. Mafundi wa mwanzo wakachukua kipande cha springi ya lori, kwa kudhani kuwa chuma kigumu ndicho chuma madhubuti, wakakitoboa kwa moto, wakakibana kwa ukanda uliozungushwa kwenye mguu ule. Ama springi ilipasuka penye tundu, ama ukanda uliteleza na kalipa ikaifuata diski.

Mzee aliyenifunza kazi alikuwa amepata ujuzi wake kwa mabruda wa Konsolata, shirika lililoishika misheni ya Tosamaganga tangu mwaka 1919, baada ya Wabenediktini wa Kijerumani kuondoka. Yeye hakugusa chuma kwanza. Alipaka grisi kwenye ncha za bolti za kalipa, akakandamiza juu yake kipande cha boksi la madaftari, na pale grisi ilipoacha alama ndipo palipokuwa na matundu. Kisha akaangalia mguu wa shokapu, akaweka kidole juu ya kinundu ambacho kiwanda kilikiweka ili kuizuia sahani ya dramu isizunguke pamoja na gurudumu.

“Mwanangu,” akasema, “usinionyeshe unene. Nionyeshe mzigo unakwenda wapi.”

Hesabu yake, ambayo niliielewa baadaye, ilikuwa hii: nguvu ya barabara hulishika tairi umbali wa sentimita 30 hivi kutoka kwenye ekseli, ilhali kalipa huishika diski kwa sentimita 10 hivi, kwa hiyo kalipa hubeba mara tatu ya nguvu ile, na yote hupita katika breketi. Ndiyo sababu alikata bati la chuma laini la milimita 10, akaliegemeza kwenye kinundu, na matundu ya bolti za madigadi akayatumia kulisimamisha tu. Alilipiga tupa kwenye jiriwa hata pembe zote zikawa mviringo, maana ufa hupenda kuanzia penye pembe kali. Mwisho alitia washa nyembamba mpaka diski ikapita katikati ya pedi. Kazi hii ya mwisho ilimchukua muda mrefu kuliko kukata.

Bodaboda zilipozagaa, na serikali ikazitungia kanuni za leseni mwaka 2010, mafundi vijana walikuwa na venia na keekee ya mezani, nao wakitazama mifano katika simu. Hata hivyo pikipiki nyingi za kazi bado zinauzwa na dramu mbele, kwa urahisi wa bei na vipuri, na bado nawaona wengine wakibana kalipa kwa ukanda mtupu. Nawasihi waache. Na wewe dereva, kabla ya kuchukua abiria na kuteremka naye mlima Kitonga, lizungushe gurudumu likiwa juu, utazame diski inapita wapi, kisha muulize fundi wako breketi ile imeegemea nini.