Utosi Uliofunga Mapema

"Mume wangu utosi umeshafunga! Huyu atakuwa na nguvu," alisema mama, akiwa amempakata mjukuu wake. Ilikuwa hapa Ruanda, Mbinga, mwaka 1999, msimu wa kuchuma kahawa. Tuliokuwa jamvini tukafurahi. Utosi unaodunda hututia hofu. Mtoto wa miezi minne asiyekuwa nao tulimwona amevuka hatari.

Wifi yangu hakufurahi. Kila akimwogesha mwanawe aligusa tuta la mfupa, utosini hadi kisogoni. Kichwa kilirefuka kama papai, ubavuni kikabaki chembamba. Zahanati wakamwambia, "Atakua tu." Mama akamkanda kwa maji ya moto, asubuhi na jioni, kwa upendo wote aliokuwa nao. Miezi mitatu ikapita.

Tulipompeleka Hospitali ya Peramiho, daktari alimzungushia kichwani futi kama ya fundi cherehani, kisha akachora fuvu nyuma ya kadi ya kliniki. Mifupa ya kichwa cha mtoto, alisema, imeachiana nafasi kwenye mishono, kwa kuwa mwaka wa kwanza ubongo huongezeka zaidi ya maradufu. Mshono wa juu wa mtoto wetu ulikuwa umegeuka mfupa mtupu, na mfupa haufunguki kwa kukandwa. "Mwahisheni Muhimbili."

Hela ya kahawa ikawa nauli. Taasisi ya Mifupa Muhimbili ilikuwa na miaka mitatu tu tangu iundwe kwa sheria. Walitaka ndugu wa kutoa damu, maana mtoto mchanga ana damu kidogo na kichwa huvuja sana. Nikatoa mimi. Wangekata ule ukanda wa mfupa na kuuondoa, ili ubongo wenyewe ukisukume kichwa kipanuke.

Wifi alikaa kwenye benchi ameshika kofia ya uzi aliyoifuma kwa kipimo cha kile kichwa kirefu. Baada ya bandeji kutolewa alimvalisha. Haikumkaa. Akalia, akaicheka, akalia tena.

Leo kijana ana mke na shamba la kahawa. Simlaumu mama, hakuna aliyekuwa ametufundisha. Lakini hadi anafariki, kila alipoletewa mtoto mchanga alipitisha kidole utosini polepole, macho ameyafumba.

"Unadunda," alisema. "Uache udunde."