Sauti ya mzee wa Katumba

Wiki nzima nimehangaika na seva.

Ofisini kwetu Mpanda tuna kompyuta moja inayobeba mashine pepe tatu. Mojawapo ndiyo ghala letu la sauti. Juzi umeme ulikatika ghafla na betri ya akiba ikazima. Uliporudi, mafaili yalikuwa yamevurugika.

Humo ndimo yalimokuwa mazungumzo yangu na mzee mmoja wa Katumba. Alikimbia Burundi mwaka 1972, akapata cheti cha uraia wa Tanzania mwaka 2014. Alifariki mwaka jana. Nakala nyingine sina. Uzembe ni wangu.

Mkono uliniwasha kuendesha fsck palepale. Fundi akanizuia kwenye simu: "Dada, usirekebishe diski ambayo hujainakili." Ana haki. Ile programu hunyoosha mpangilio wa mafaili; maneno ya mzee haiyajui, na isichokielewa inaweza kukikata.

Basi tukazima, tukanakili diski nzima kwa ddrescue, ndipo tukarekebisha ile nakala. Tena mara mbili, maana diski ya mashine pepe ni faili moja kubwa ndani ya diski nyingine: kwanza ya nje, kisha ya ndani.

Katika dakika 40 zimerudi 31. Mzee anakatikia pale anapomtaja mama yake.

Sasa nina nakala tatu, moja iko nje ya ofisi. Sauti ya bibi yako wewe umeiweka wapi?