Chumvi ya Jikoni Mwetu



Chumvi tumeisikia mara nyingi katika mahubiri juu ya Mathayo sura ya 5, lakini ni mara chache twaitazama chembe yenyewe. Juma hili na tuitazame.

Atomu ya sodiamu huipa klorini elektroni moja. Mtoaji hubaki na chaji chanya, mpokeaji huwa na chaji hasi. Wakiisha kuwa hivyo huitwa ioni, nao huvutana. Wala hawashikamani wawili wawili kama bwana na bibi harusi: kila ioni ya sodiamu huzungukwa na sita za klorini, na kila ya klorini na sita za sodiamu, safu juu ya safu. Ndiyo maana kuiyeyusha chumvi kavu kwahitaji joto la nyuzi 801 za Selsiasi, ambalo jiko letu la mkaa haliifikishi kikaangoni.

Maji, lakini, huweza. Molekuli yake ina upande ulio hasi kidogo na upande ulio chanya kidogo. Huzizingira ioni na kuzichomoa moja moja.

Hapo ndipo habari inapotugusa sisi wa Nyanda za Juu Kusini. Madini joto nayo hukaa udongoni kama ioni, na mvua zetu, tunazozishukuru kwa mahindi na viazi, zimeyaosha karne kwa karne kuelekea baharini. Ndiyo asili ya rovu lililoonekana kwa wengi Iringa na Mbeya. Tena shingo si hasara kubwa zaidi: mama mjamzito akiyakosa sana, ubongo wa mtoto aliye tumboni huweza kudhurika asipone tena.

Miaka ya 1980 viligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Miaka ya 1990 serikali ikaagiza chumvi itiwe ayodeti ya potasiamu. Hiyo haiingii katika zile safu. Hukaa juu ya chembe kama mgeni barazani, na unyevu ukizidi huchuruzika nao. Basi chumvi ya kupimwa kwa kikopo kutoka gunia lililo wazi, ambayo nasi tumeinunua kwa unafuu wake, huenda haina kitu. Tuchague iliyofungwa na kuandikwa kuwa ina madini joto, tuifunike mbali na mvuke, tuitie chakula kikikaribia kuiva.

Mkutanapo katika jumuiya ndogo ndogo juma hili, mwulizane chumvi ya nyumbani kwenu yatoka wapi.