Lodwar Ilivyonifunza Kuchagua Kompyuta ya Muziki

Ukishuka basi mjini Lodwar saa nane mchana, wa kwanza kukulaki ni jua. Karibu mwaka mzima joto la mchana hufika nyuzi 35 na zaidi, na upepo huleta vumbi jembamba linalopenya hata mkoba uliofungwa.

Nilifika huko kwa ndugu yangu nikiwa na laptopu mpya ya kutengenezea muziki. Muuzaji jijini Nairobi aliniapia kwamba prosesa yake, yaani ubongo wa kompyuta, ilishinda zote dukani. Nikamwaga akiba ya miezi minane. Siku ya kwanza, wimbo haujafika nusu, spika zikaanza kulia tak-tak kama bisi kikaangoni. Feni nayo ilinguruma hadi maikrofoni ikainasa. Nikadhani nimeuziwa mbovu.

Kumbe sivyo, ndugu msomaji. Sauti hupita kwenye prosesa kwa vipande vidogo. Ukichagua vipande vya sampuli 256, kwa kasi ya sampuli 44,100 kila sekunde, prosesa haina hata sekunde 0.006 ya kumaliza kimoja. Ikichelewa, unasikia tak. Nayo ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia mwendo isiungue. Kasi niliyoinunua ilikuwa ya chumba chenye baridi.

Wiki iliyofuata nilisafiri kilomita 120 hivi hadi Kakuma. Kambi ya wakimbizi ya hapo ilianzishwa mwaka 1992, na ndani yake Kiswahili cha Kongo hukutana na Kidinka, Kisomali na Kirundi. Muziki si mgeni huko: mwaka 2016 mwanamuziki Octopizzo alitoa albamu ya Refugeenius akiwa na vijana wa Kakuma na Dadaab.

Katika chumba cha mabati nilimkuta kijana akirekodi kwa laptopu kuukuu ya Core i5, umeme wake ukiwa wa sola. Mchana huandika mashairi. Jua likizama ndipo huwasha mashine. Kila ala akiimaliza huigeuza kuwa faili ya sauti ya kawaida, ili prosesa isiipige upya kila mara. Nyimbo zake zilikuwa zimekamilika. Mimi sikuwa na hata mmoja.

Basi kabla ya kutoa pesa, tazama herufi iliyo mwisho wa jina la prosesa. U kwa kawaida hutumia wati 15 hivi; H hufika 45 na hutaka feni kubwa. Betri ya wati-saa 50 itailisha U saa tatu na zaidi, lakini H ikifanya kazi kwa nguvu itaimaliza kwa saa moja hivi, kioo kisipohesabiwa. Kwenye nyumba yenye ubaridi na umeme wa uhakika, chukua H. Penye jua na sola, U ya miaka ya karibuni yenye RAM ya GB 16 itakufaa zaidi. Tena mwambie muuzaji aifanyishe kazi nusu saa ukisikiliza.

Niliporudi Lodwar niliipangusa vumbi laptopu yangu, nikaiinua juu ya vipande viwili vya mbao, nikaanza kazi alfajiri. Kabla jua halijapanda, wimbo ulikuwa umekwisha. Mwenda pole hajikwai.