Mgeni na Jembe Lake

Sisi tu watu wa Tanzania, na mwaka 2024 tulikuwa tukikaa Nairobi, mtaa wa Ngara, kwa kazi ya kufundisha. Ruhusa yetu ya kukaa nchini ilikuwa imebakiza miezi mitatu tu.

Mwezi wa Juni vijana wa Kenya waliandamana kuukataa Mswada wa Fedha, kwa kuwa ungeongeza kodi. Tarehe 18 serikali iliiondoa kodi iliyokusudiwa juu ya mkate, lakini vijana walisema mzigo uliobaki ungali mzito. Sisi tulinyamaza. Tulijiambia, Mambo ya nyumba ya watu, mgeni hana neno.

Hata Jumanne tarehe 25 tukafunga lango mapema. Adhuhuri tukasikia vishindo, na moshi utoao machozi ukaingia hata jikoni. Mara lango likagongwa. Tukachungulia, tukaona kijana mwenye bendera mabegani, macho yamefumba, akisema, "Mzee, naomba maji."

Tulishika komeo, wala hatukulifungua. Twaungama jambo hili kwa haya, maana miaka mingi tumewafundisha watoto habari za kikombe cha maji baridi. Saa ile tuliifikiri ruhusa yetu tu. Ndipo mama watoto akatupita na ndoo, akafungua, akamnawisha yule kijana uso. Akatugeukia akasema, "Baba, hukuulizwa u upande gani. Umeombwa maji." Kijana akashukuru, akaenda zake. Jina lake hatukumwuliza.

Siku ile waandamanaji waliingia Bungeni, na watu walipigwa risasi. Kesho yake Rais William Ruto alisema hatautia sahihi mswada ule. Tarehe 1 Julai Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilitangaza kwamba waliokufa nchini kote walikuwa 39. Tuliposikia hesabu hiyo tulimkumbuka kijana wetu, tusipate usingizi.

Wahenga walisema, Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hata sasa twaamini kwamba haimpasi mgeni kuinua bendera isiyo yake, wala kuwaamulia wenyeji kodi zao. Lakini jembe la siku ile lilikuwa ndoo ya maji, nasi tulikawia kulishika. Basi ninyi mkaao ugenini, shaurianeni na watu wa nyumbani mwenu mapema, kabla lango halijagongwa.