Nyoka wa Tancut Almasi

Iringa ya miaka ya 1980 ilikuwa na kiwanda cha kukata almasi, Tancut, na kiwanda kilikuwa na bendi yake. Ndivyo mambo yalivyokuwa: kiwanda cha nguo kina Urafiki Jazz, JKT ina Kimulimuli, polisi wana Polisi Jazz. Vyombo ni vya shirika, mwanamuziki ni mwajiriwa. Sisi tulikuwa na Tancut Almasi Orchestra, na mbele kwenye maikrofoni mapacha wawili kutoka Zaire, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa.

Wimbo wao "Nimemkaribisha Nyoka" ulizua mabishano makubwa pale kwetu Makorongoni. Mama alishikilia kwamba nyoka ni ndugu wa mume aliyepewa chumba akageuka kuwa mwenye nyumba. Baba mdogo alimwona mhujumu. Kamatakamata ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983 ilikuwa haijatoka vichwani mwa watu, na yeye kila wimbo aliusikia kwa sikio hilo. Sisi watoto hatukuwa na habari na nyoka. Tulikuwa tunasubiri chemko: maneno yaishe, gitaa la solo lishike usukani, besi ianze kurukaruka, na hata bibi mwenye mtoto mgongoni anyanyuke.

Nilipohamia Mbeya nilikwenda na kanda nilizorekodi redioni, nyingine zikiwa na sauti ya mtangazaji katikati ya wimbo. Miaka ya 1990 mashirika ya umma yakabinafsishwa, mengine yakafungwa, na bendi nyingi zikabaki yatima. Nyimbo zikabaki kwangu Mwanjelwa, na hapo ndipo nilipoanza kuyasikiliza maneno.

Mpwa wangu, kijana aliyekulia kwenye nyimbo za Rayvanny, alinibana siku moja: "Shangazi, huyo nyoka ni nani hasa? Walimwimba nani?" Yeye amezoea wimbo ukitoka asubuhi, jioni mji mzima unajua aliyepigwa kijembe.

Nilimweleza kwamba mtunzi wa zamani alikuwa na macho mengi juu yake. Redio Tanzania ilikagua mashairi kabla ya kurekodi. Na ukumbini, anayesemwa angeweza kuwa amekaa meza ya mbele na mkewe. Kwa hiyo jina halitajwi. Mtunzi anakuja mazoezini na maneno na sauti ya kuanzia. Wenzake wanaongeza sauti ya pili, mpiga rhythm anatafuta njia yake, wanapunguza hapa, wanarudia pale. Kinachotoka ni fumbo lililopita mikononi mwa watu wengi, na msikilizaji ndiye anayelimalizia. Ndiyo maana naamini mama na baba mdogo wote walikuwa sahihi.

Na chemko nalo naliona kuwa sehemu ya maana. Katika nyimbo nyingi za dansi mwenye uchungu analalamika, kisha magitaa yanampokea kabla hajatoa hukumu. Hakuna anayemfukuza nyoka. Watu wanacheza naye humo humo ukumbini. Huo ni ustadi mkubwa, na nyimbo za sasa zinazotaja kila kitu zimeupoteza.

Mpwa wangu alinisikiliza, akaondoka na wimbo kwenye simu yake. Wiki iliyofuata akanipigia: amemjua nyoka. Ni rafiki aliyemkaribisha chumbani kwake Uyole, akatoweka na pesa ya kodi.